Kikombe Kilichoganda Ufukoni

Mimi niliposa mke nikiwa nimekaa juu ya mchanga wenye theluji, huko Norwe, mwaka wa thamanini na nne, na nikagoma kupanda boti mpaka nijibiwe. Wenye kucheka wacheke sasa wamalize, maana nikianza kusimulia sipendi kukatizwa. Nimewahi kumtoa mtu barazani kwa kosa hilo, na alikuwa shemeji yangu.

Kosa la kwanza halikuwa langu. Lilikuwa la ami yangu Sleyum, Mungu amrehemu, mtu mwema sana, lakini tumbo lake halikuwa na subira hata kidogo. Sisi asili yetu Ibra, ila tumezaliwa Tabora, na tuliporudi Omani miaka ya sabini tulikuja na Kiswahili chetu, Kiingereza cha skuli na masanduku mawili ya sufuria. Mila za huku tulizijua kwa kusikia tu. Mimi, Nadhir, nikapata kazi ya ukarani katika afisi ya uvuvi mjini Sur, na huko ndiko nilikomwona Azza.

Azza alikuwa mwalimu wa skuli ya wasichana. Kila mwezi alikuja afisini na barua ya baba yake, Nahodha Marhoun wa Aija, ambaye alikuwa akiilalamikia serikali juu ya nyavu, juu ya injini, juu ya barafu, na juu ya tabia mbaya ya papa. Baba anasema, binti anaandika. Siku moja nikamwambia, "Mwalimu, baba yako ana malalamiko mengi." Akanijibu bila kuinua macho, "Na wewe huna hata moja?" Basi nikaisha pale pale. Kuanzia siku hiyo nikawa naomba papa wazidi kuharibu nyavu za mzee.

Aija hakuna daraja. Ukiwa Sur unaiona ile pale, ng'ambo ya khor, ule mkono wa bahari, unavuka kwa mashua kwa dakika chache tu, na mimi katika dakika hizo hizo chache nilikuwa natapika. Hivyo ndivyo tulivyofika kuposa, ami Sleyum na mimi, yeye kashika tumbo kwa njaa na mimi nimeshika langu kwa sababu nyingine. Tukakaribishwa, tukaletewa tende, halua na kahawa.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Desturi ya watu wa huku, mtu akija nyumbani kwako na haja kubwa, kama kuposa, ukimmiminia finjani ya kwanza haitii mdomoni. Anaiweka chini mbele yake, kimya. Wewe mwenye nyumba ukiiona imekaa, unajua pana jambo. Ukiridhika unamwambia, "Kunywa kahawa yako, haja yako umepata." Usiporidhika unaiacha ipoe, na watu wanaagana kwa salama bila ya mtu kutiwa aibu. Jambo zuri kabisa, ila hakuna aliyetuambia!

Ami Sleyum alikunywa ya kwanza, ya pili na ya tatu. Akaisifu hiliki. Akamaliza sahani ya halua peke yake, akajifuta vidole kimoja kimoja. Mimi nami, mpumbavu, nikanywa mbili. Kisha ami akakohoa, akasema, "Nahodha, sisi tumekuja kwa jambo la kheri."

Nahodha Marhoun akatutizama kama watu waliovaa viatu chooni wakaja navyo juu ya mkeka wa kusalia. "Jambo gani tena?" akasema. "Mmekuja kunywa kahawa, mmekunywa. Alhamdulillahi." Akainuka, akatusindikiza mpaka kwenye mashua. Nikatapika tena kurudi.

Aliyetufumbua macho ni dada yake mzee, Bi Kaltham, shangazi wa Azza. Alikuja afisini kwangu, akacheka mpaka barakoa ikamhama usoni. "Mwanangu we, mmeinywa posa yenu wenyewe!" Basi nikarudi Aija mara mbili peke yangu, nimejizatiti, nimeapa sinywi. Mzee naye hakuwa mjinga. Mara zote mbili hakunimiminia kahawa, alinipa juisi ya kopo. Na juisi ya kopo haina desturi yoyote, unaweza kuiweka chini mpaka kiyama.

Mwezi wa nne zikaja habari kwamba kuna mposaji mwingine, mtu wa Maskati, ana gari mpya na baba mkubwa mwenye cheo, naye anakuja baada ya Idi Ndogo. Nikahisi moyo umeshuka mpaka kwenye makubadhi. Azza hakulia wala hakuniandikia. Alimtuma shangazi yake aniletee maneno matatu tu: "Safari hii asinywe."

Sikujua safari ipi. Lakini wiki ile ile kampuni moja ya samaki ya Norwe ikawaalika wavuvi watatu wa Sur waende mwezi wa tano, kabla ya Ramadhani, wakatizame namna wenzao wanavyogandisha na kukausha samaki. Nahodha Marhoun alikuwa wa kwanza kwenye orodha, kwa sababu afisi nzima ilitaka kupumzika na barua zake. Akatakiwa mkalimani wa Kiingereza. Nikanyanyua mkono.

Mkubwa wangu akaniuliza, "Wewe si ndiye unayetapika kwenye khor?"

"Nimepona," nikasema. Uongo mtupu.

Huko tulikokwenda ni kaskazini kabisa, mahali ambapo mwezi wa tano jua linazunguka tu mbinguni bila kuzama. Nahodha aliliona halina adabu. Akaiacha saa yake kwenye majira ya Sur na akawa anasali kwayo, anakula kwayo, na anawakasirikia Wanorwe kwayo. Koti alilikataa. Wenyeji walipomlazimisha avae suti nene ya mabaharia, ya rangi ya chungwa, aliivaa, kisha akavaa kanzu yake juu yake na kilemba kichwani. Alikuwa anaonekana toka mbali. Wenzetu wawili walikuwa na mafua, na mimi nilikuwa nimevaa kila nilichokwenda nacho, pamoja na taulo ya hoteli.

Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwenye sanduku lake. Ndani mlikuwa na dele la shaba la kupikia kahawa, finjani sita, buni, hiliki, tende, na papa mkavu wa kutoa zawadi. Askari wa forodha wa uwanja wa ndege walilifungua, wakanusa, wakalifunga wenyewe bila kuuliza swali. Wiki nzima mzee hakulitoa lile dele. Alikunywa kahawa ya mashine ya hoteli, analaani kila funda, na mimi akanisukumia maziwa. Siku zikawa zinakwisha. Usiku na mchana, kama kweli vilikuwapo, nilikuwa namwona yule mtu wa Maskati na gari yake.

Siku ya mwisho mwenyeji wetu, mvuvi mzee mwenye jina lisilotamkika, ambaye sote tulimwita Mzee Ndevu, akasema atatupeleka kwenye ufuko aliozaliwa. Hakuna barabara ya kwenda huko wala njia ya mguu, nyuma mlima na mbele bahari, hufiki ila kwa boti. Wenzetu wenye mafua wakajifunika mablanketi wakasema tuwasalimie huo ufuko. Nahodha akanyanyuka akachukua sanduku lake. Nikasema moyoni, Nadhir, ndiyo leo. Ufukoni hakuna juisi ya kopo.

Saa mbili baharini. Sitaki kuzieleza. Nahodha alikuwa amesimama mbele ya boti, kanzu inapepea, anahesabu kila nikiinama: "Thalatha... arbaa... Wallahi huyu kijana ana hazina tumboni." Nilipofika kumi akaacha kuhesabu, akanishika kola nisitumbukie.

Tulipofika nikasahau tumbo kwa muda. Mchanga mweupe kama wa Ras al-Hadd, maji ya kijani, halafu pale bahari inapokomea ndipo theluji inapoanzia, imelala mpaka juu ya mlima. Nyumba moja ya mbao isiyo na paa, magogo yaliyotupwa na maji, na fremu kubwa za miti zilizoning'inizwa samaki. Kwenye mwani alikuwa amesimama mnyama mkubwa wa manyoya, pembe zake matawi matupu, anatafuna.

"Huyu ngamia nani kamtia pembe?" Nahodha akauliza.

Nikamfasiria Mzee Ndevu. Akacheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo hao wawili wakawa marafiki bila ya mimi kufasiri chochote. Mmoja anaonyesha samaki, mwenziwe anaonyesha papa mkavu, kila mmoja ananusa cha mwenzake na kutikisa kichwa kwa huruma.

Nahodha akawasha moto wa magogo, akatoa dele. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa dele lile, hata huko Aija, isipokuwa yeye na Azza. Harufu ya hiliki ikaenea juu ya theluji, na wallahi machozi yalinitoka. Meno yangu yalikuwa yanagongana, vidole sivisikii, na ile kahawa ndiyo kitu pekee chenye moto kati yangu na ncha ya dunia. Akanimiminia finjani. Nikaipokea kwa mkono wa kulia. Mvuke ukanigusa pua. Kila kiungo changu kikaniambia kunywa, na mimi nikaiweka chini mchangani, kimya, kama nilivyoagizwa.

Nahodha akaiona. Najua aliiona, kwa sababu ndevu zake zilisimama kidogo. Nikafungua mdomo.

Mzee Ndevu, aliyekuwa ameshamaliza yake, akaiona finjani imekaa peke yake, akaiokota, akainywa yote, akanipigapiga begani kunishukuru.

"Basi," akasema Nahodha. "Haja yako imenywewa na Mnorwe."

"Nahodha, ile haikuwa yake!"

"Naona. Chukua nyingine." Akamimina, akanipa, na hapo ndipo nilipoangamia. Mkono wangu ulikuwa unatetema kwa baridi hata kahawa inaruka ukingoni. Na kila mtu wa huku anajua, finjani ukiitikisa maana yake umetosheka, mmiminaji anaichukua na anasonga mbele kwa mwengine. Nahodha akaitwaa mkononi mwangu kabla sijaiweka chini. "Umetosheka. Khalas."

"Baridi hiyo, Nahodha! Sijatikisa, nimetikiswa!"

"Finjani imetikisika," akasema, akaimwaga mchangani, akaanza kufunga sanduku. Mzee yule alikuwa anafurahi, mimi namwona.

Hasira zikanipanda. Nikasimama na taulo yangu shingoni, nikasema kwa sauti ya kusikika hata na yule ngamia wa pembe, "Nahodha Marhoun wa Aija! Mimi mgeni kwenye moto wako, na mpaka sasa kahawa yako sijaionja!"

Neno hilo mtu wa Sur halivumilii. Akasimama, akafungua sanduku tena. Akamimina kilichobaki. Safari hii nikaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto kama mtu aliyekamata mwizi, nikachuchumaa taratibu, nikaiweka finjani baina ya mawe mawili, nikakaa mbele yake na kuizuia kwa magoti yote mawili. Nikasema, meno yanagongana kila neno, "Namtaka Azza. Kwa sunna ya Mungu na Mtume wake. Ami yangu alikosea, nami nilikosea, hatukujua. Leo najua. Sinywi mpaka unijibu."

Nahodha akatizama bahari. Akatizama mlima. Kisha akasema, "Hivi huyu mnyama nyama yake huwaje?"

Theluji ikaanza kudondoka, chembe moja ikaingia kwenye finjani. Mvuke ukapungua, ukaisha.

Mzee Ndevu akapiga kelele kutoka kwenye boti kwamba maji yanakupwa, tukichelewa boti itapwelewa na hapo hapana mtu atakayetuona mpaka wiki ijayo. Nikalifasiri neno kwa neno, kwani kazi ni kazi. Nahodha akabeba sanduku, akapanda. Injini ikawashwa. Mimi nimekaa.

"Nadhir! Panda!"

"Sipandi!"

"Panda, mwendawazimu we! Utakufa!"

"Nitakufa na posa yangu! Mwambie Azza sikunywa!"

Mzee Ndevu akauliza huyu ana nini. Sikuwa na nafasi ya kufasiri. Boti ikasogea nyuma, hatua tano, hatua kumi, na nakiri mbele yenu kwamba niliogopa. Nilijiona nimeachwa pale na ule mnyama, tunakula mwani wote wawili. Lakini nikijiona nimepanda, namwona Azza akimmiminia kahawa yule mtu wa Maskati, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nikakaza magoti.

"Kunywa!" akapiga kelele Nahodha. "Kunywa tu, midomo yako imekuwa kama nili!"

"Kunywa kwa huruma au kunywa kwa kukubali?"

Nahodha akasema neno la Kiarabu nisilolirudia mbele za watu, akaruka kutoka botini. Yeye alidhani maji yale ni ya magoti. Yakamfika kifuani. Kilemba kikaelea. Nilisikia ukelele ambao naamini ulifika Ibra, na mtu aliyekaa baharini miaka arubaini akatoka majini anakimbia, kanzu imemganda kwenye ile suti ya chungwa, akaja akajitupa mbele yangu upande wa pili wa finjani.

Tukatizamana. Alikuwa anatetema kuliko mimi.

"Hi-hi-hii bahari," akasema, "si ba-bahari."

Nikavua taulo nikamfunika kichwa. Akaniacha nimfunike. Kisha akasema, polepole, si kwa sauti yake ya barua, "Unadhani nilikukatalia kwa sababu ya ami yako na halua? Nilifurahi alipokunywa. Nilimshukuru Mungu. Yule wa Maskati akija nitamtafutia kosa lake pia. Mama yake Azza amekufa miaka sita sasa. Nikirudi kutoka baharini nyumba ina sauti moja tu. Ukimchukua ukampeleka Ibra kwenye mitende yenu, mimi nani atanimiminia kahawa?"

Mtu niliyemlaani mwaka mzima alikuwa na uchungu ule ule niliokuwa nao mimi, wa kumkosa mtu mmoja yule yule.

"Nitahamia Aija," nikasema.

"Wewe unatapika khor."

"Nitatapika kila siku, kwenda na kurudi. Na kahawa nitakumiminia mimi."

Akanitizama, theluji imemjaa kwenye nyusi. Akanyoosha mkono unaotetema, akaisogeza ile finjani mbele yangu. "Kunywa kahawa yako, mwanangu," akasema. "Haja yako umepata."

Nikaiinua. Haikunyweka! Juu ilikuwa imeshika ngozi ya barafu. Nikaitafuna. Naapa sijapata kula kitu kitamu kama kile. Mzee Ndevu akarudisha boti, akatukokota sote wawili kwa kola, na nilipomweleza yaliyotokea akauliza jambo moja tu, kama kahawa imebaki.

Yule wa Maskati alikuja baada ya Idi na gari yake, akapewa juisi ya kopo.

Huu mwaka wa tano nakaa Aija. Asubuhi navuka khor kwenda afisini na mara nyingi sitapiki, isipokuwa siku za upepo. Azza bado anafundisha, na barua za mzee sasa nazipokea nyumbani kabla hazijafika afisini, hakuna nafuu yoyote. Kila baada ya alasiri nakaa na dele la shaba mbele ya baba mkwe wangu, wageni wamejaa, na mimi namimina.

Tangu mwaka jana mikono yake imeanza kutetema, na si ya baridi. Mgeni asiyejua akiona finjani inatikisika mkononi mwake husema, "Mzee ametosheka," akataka kuipokea. Mimi huinamisha dele nikajaza. Mzee hunitizama juu ya ukingo wa finjani, hunywa. Kisha hunyoosha mkono tena, unatetema vile vile, nami namjazia.